Conor Alijua: Kuhusu Watoto Wafiwa na Ukweli Tunaowaficha

Walezi wanaponiletea mtoto mfiwa, mara nyingi huwaomba wao wenyewe wasome A Monster Calls, riwaya ya Patrick Ness ya mwaka 2011. Wengi hurudi na neno moja: "Yule mtoto wangemficha tu, asingeteseka vile." Nimelisikia mno neno hili, na linaniudhi, kwa sababu riwaya inaonyesha kinyume chake kabisa.

Conor, mtoto wa riwaya hiyo, ana miaka 13, anaishi Uingereza na mama yake mgonjwa wa saratani. Nani alimwambia ukweli? Mama anasisitiza kuwa dawa itamsaidia. Bibi anagusia kwamba mjukuu atahamia kwake, mazungumzo yanakatika. Baba anakuja kutoka Marekani, anakaa siku chache, anaondoka. Walimficha vya kutosha, na bado alijua tangu mwanzo kwamba mama hatapona. Alikosa mtu mzima wa kumwambia, "Nami najua, tuongee." Ndipo usiku, saa sita na dakika saba, linakuja jitu la mti: linamsimulia hadithi tatu, kisha linamdai ya nne, ukweli wake mwenyewe.

Ukweli huo ni kwamba alitamani yaishe, maana kusubiri kulimchosha. "Basi alimtakia mama yake kifo," huniambia wengine. Hapana! Muulizeni yeyote aliyeuguza kwa miezi: mtu hutamani mateso yakome na papo hapo hutamani mgonjwa apone. Watu wazima hulijua hilo, mtoto halijui mpaka aambiwe. Wadogo zaidi huamini hata kwamba hasira yao ndiyo iliyoua, na hukaa na hatia hiyo kimya kimya.

Kwetu husemwa "mama amesafiri" au "amelala". Mtoto wa miaka minne bado haelewi kuwa aliyekufa harudi. Ukimwambia amesafiri, atamngoja. Ukimwambia amelala, ataogopa kulala. Sema amekufa: mwili umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hatarudi. Ya dini yenu yafuate baada ya hapo. Atauliza tena kesho na keshokutwa. Mjibu yale yale, bila kumkaripia.

Walezi huniambia pia: "Anacheza, ameshasahau." Hajasahau. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka: mchana yumo kwenye mpira, usiku anakojoa kitandani.

"Msimwadhibu, ana msiba." Conor anavunjavunja sebule ya bibi yake na hakuna anayemwadhibu, na kuachwa hivyo kunamuumiza. Sisemi achapwe. Shule, kazi zake za nyumbani na saa ya kulala zibaki palepale. Ndivyo anavyojua kuwa bado ana watu wanaomwangalia.

"Asiende makaburini." Mweleze atakachokiona, muulize kama anataka kwenda, kisha mkabidhi kwa shangazi au mjomba atakayeondoka naye akichoka.

"Kitabu cha huzuni kitamzidishia huzuni." Wazo la riwaya hii ni la Siobhan Dowd, aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka 2007 kabla hajaiandika. Hadithi iliyotoka kwa mgonjwa mwenyewe haimtishi kijana anayeuguza, inampa maneno. Simpi mtoto wa miaka sita. Kwa wa miaka 12 au 13, mlezi atangulie kuisoma, halafu wasome pamoja. Mkifika kwenye hadithi ya nne, ile ambayo Conor anapaswa kuisimulia mwenyewe, usimuulize amejifunza nini. Muulize: "Na wewe, kuna jambo unaogopa kulisema?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akisema hakuna, endeleeni kusoma. Huenda akalisema wiki ijayo, jikoni, mkiosha vyombo.