Je, wajua kwa nini nyasi hutangulia miti katika kulinda miteremko ya marudio ya migodini?

Wilayani Nzega, mkoani Tabora, ambako mgodi mkubwa wa Golden Pride ulichimba dhahabu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambako wachimbaji wadogo bado wapo kazini, kila penye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, hubaki rundo la marudio, yaani mchanga laini wa mawe yaliyosagwa na kuchenjuliwa. Mvua za Tabora huanza takriban mwezi Novemba, na huukuta mteremko wa rundo hilo ukiwa mtupu.

Tone kubwa la mvua hutua kwa kasi inayokaribia mita 9 kwa sekunde. Likipiga marudio, hutawanya chembe zake, na zile laini kabisa huziba matundu ya juu hadi maji yashindwe kupenya. Maji hayo huteremka, huchimba vifereji, na vifereji huungana kuwa makorongo. Mchanga unaoondoka, ambao mara nyingi umebeba zebaki, huishia kwenye mabonde yenye majaruba ya mpunga, na hilo ndilo linalotufanya tusiweze kulichukulia suala hili kwa wepesi.

Wengi hukimbilia kupanda miti. Tatizo ni kwamba mche hushika eneo dogo tu, na maji hupita kati ya shina na shina bila kizuizi. Nyasi ya vetiva hufanya kazi tofauti. Vipande vyake hupandwa kwa kuachana sentimita 10 hadi 15, kwa kufuata mstari wa kontua, yaani mstari wa usawa unaoukata mteremko, mpaka mashina yake magumu yaungane kuwa ua. Maji yakifika hapo hupungua kasi, hutua mchanga yaliobeba na kuchujika polepole, na nyuma ya ua hujengeka ngazi. Ngazi ikipanda, nyasi nayo huchipua mizizi mipya kwenye vifundo vya juu. Mizizi hiyo hushuka wima, hata mita 3 penye udongo mzuri, na uimara wake dhidi ya kukatika hukadiriwa kuwa sehemu moja ya sita ya ule wa chuma laini. Metali nyingi hubaki mizizini badala ya kupanda majanini. Nchini Afrika Kusini vetiva imetumika kwenye mabaki ya migodi ya dhahabu na almasi.

Hata hivyo marudio hayana mboji wala naitrojeni, hivyo vetiva huhitaji samadi, na chokaa pale penye asidi kali. Ipandwe mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, marejea, mmea wa jamii ya mikunde, yapandwe kati ya mistari ili kuongeza naitrojeni, na ng'ombe wazuiwe, kwa kuwa hupenda majani machanga. Miti ya miombo hufuata baadaye, na kivuli chake ndicho hatimaye huidhoofisha vetiva, ambayo haistahimili giza.

Kazi isiyoepukika ni kukagua nyua kila baada ya mvua kubwa na kuziba mapengo kwa vipande vipya, maana maji yote yaliyozuiwa hukimbilia pengo hilo na kuanzisha korongo jipya.