Deni la peni 12: mganga wa kijijini alivyogeuka mchawi

Watu wakitembelea makumbusho yetu swali ni lilelile, eti Ulaya ya zamani waganga wa kienyeji wote walichomwa moto, si ndio? Hapana. Wengi wao hawakuguswa, waliagua, walitafuta vitu vilivyoibiwa, wakafa kwa uzee. Na ile namba ya milioni 9 inayozunguka mitandaoni itupeni tu, wanahistoria wa sasa wanataja kati ya elfu 40 na elfu 60 waliouawa Ulaya nzima kwa karne kama tatu, na Uingereza hawakuwachoma wachawi, waliwanyonga.

Lakini wapo waganga walioponzwa na uganga wao, na kesi ninayopenda kuisimulia ni ya Ursula Kemp wa kijiji cha St Osyth, mkoa wa Essex, mwaka 1582. Huyu mama alikuwa masikini, anaishi kwa kulea watoto wa watu na kutibu, na kesi yake ilianza na mteja wake mwenyewe.

Mteja ni Grace Thurlowe, jirani. Mtoto wake wa kiume Davy aliumwa vibaya, Ursula akaja akamshika mkono, akatamka maneno ya kumwonea huruma, akawa anatoka nje anarudi ndani, mara tatu, akamwambia mama mtu usiwe na wasiwasi atapona, na usiku ule mtoto akalala vizuri. Mpaka hapo hakuna mchawi, kuna mganga na shukrani. Baadaye Grace akajifungua mtoto wa kike, Ursula akategemea atapewa yeye kazi ya kumlea, akanyimwa, wakagombana. Mtoto akiwa na miezi kama mitatu akaanguka kutoka kitanda chake cha kubembea, akavunjika shingo, akafa. Unaona mambo yanavyoanza kushonwa.

Halafu, na hapa ndipo panaponishangaza kila nikisoma, Grace akapata maumivu akawa hawezi kutembea vizuri, na pamoja na yote yaliyopita akakubali kutibiwa na Ursula yuleyule, kwa peni 12, pesa ya kibarua wa shamba ya siku mbili tatu. Wiki kama tano akawa nafuu. Ursula akaja kudai chake, Grace akasema sina, mimi masikini, basi Ursula akaomba hata jibini, nayo hakuna, akaondoka amekasirika akisema atamlipizia. Maumivu yakarudi. Kwa watu wa kijiji pale ushahidi ulikuwa umekamilika, maana imani yao ilikuwa anayejua kutegua anajua na kutega, na dawa ikigoma baada ya ugomvi wa pesa hakuna anayesema labda ni baridi yabisi.

Dawa yenyewe tunaijua maana aliitaja akihojiwa: kinyesi cha nguruwe na majani unavishika mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, unachoma mara tatu unatupa motoni, kisha kisu unakichoma mara tatu chini ya meza unakiacha hapohapo, halafu majani matatu ya seji na mitishamba mingine unaloweka kwenye pombe, unakunywa usiku kabla tu ya kulala na asubuhi kabla ya kitu kingine. Alifundishwa na mama mmoja wa kijiji cha Weeley miaka kama kumi nyuma, Ursula mwenyewe alipokuwa anaumwa mifupa akaambiwa amerogwa. Yaani naye alianza kama mgonjwa!

Sasa kwa sheria ya uchawi ya Uingereza ya 1563 kutibu hakukuwa na adhabu ya kifo, adhabu hiyo ilikuwa kwa makosa kama kuua mtu kwa uchawi, kwa hiyo ilibidi apatikane muuaji. Hakimu Brian Darcy akamwambia anayekiri atahurumiwa, asiyekiri ataangamia, na mtoto wa Ursula, wa miaka kama 8 tu, akahojiwa naye akasema mama anafuga majini manne: paka wawili, chura na mwanakondoo. Ursula akapiga magoti analia, akakiri, akataja na wenzake. Huruma haikuja, alinyongwa, yeye na Elizabeth Bennet.

Waliotunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 Kenya na ile ya mwaka 1928 Tanganyika ni Waingereza haohao, na huku nako waganga wengi wakajikuta kapu moja na wachawi, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Yule mama wa Weeley mwenye dawa yake alikuwa ameshafariki kesi inaanza, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.