Usipime cheni mpya ya baiskeli kwa urefu wa ile ya zamani

Wengi hulaza cheni mbili sambamba na kukata mpya pale ya zamani inapoishia. Hapo ndipo kosa linapoanza. Pini zikilika, cheni hurefuka: yenye pingili 114, kila moja milimita 12.7, ikirefuka kwa asilimia 1 huongezeka milimita 14 hivi, zaidi ya pingili nzima. Basi hesabu pingili, usilinganishe urefu. Na hesabu hiyo nayo hufaa tu ikiwa ya zamani ilikatwa sawasawa na gia hazijabadilishwa.

Kwa baiskeli yenye kibadilisha gia cha nyuma, njia ya uhakika ni hii: zungusha cheni kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, ivute ikaze, tafuta pingili ya karibu inayoweza kuunganishwa, kisha ongeza pingili mbili. Kama gurudumu la nyuma lina springi ya kupunguza mtikisiko, pima springi hiyo ikiwa imebonyea pale cheni inapohitaji urefu mkubwa zaidi.

Cheni ikizidi urefu, hulegea kwenye gia ndogo. Ikipungua ni hatari zaidi: ukiingiza gia kubwa zote mbili, yaweza kung'oa kibadilisha gia.