Je, wajua kwa nini virusi vya Zika havimwezi panya?

Aprili 1947, tumbili aliyepewa namba 766 alipandwa na homa akiwa kizimbani, juu ya jukwaa lililojengwa mitini katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Hakuwa mnyama wa msitu ule. Alikuwa resusi, tumbili wa Asia, na aliwekwa pale makusudi na watafiti waliokuwa wakisaka homa ya manjano. Tumbili wengi wa Afrika huambukizwa homa hiyo bila kuonyesha dalili, maana wameishi nayo vizazi na vizazi. Resusi ni mgeni kwake. Akiumwa na mbu mwenye virusi, anaugua kweli, na watu wanajua.

Damu ya 766 ilidungwa kwenye ubongo wa panya weupe wa maabara. Panya wakaugua. Kilichowafanya waugue hakikuwa homa ya manjano bali kirusi kipya, kikapewa jina la msitu. Mwaka uliofuata kikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo, Aedes africanus.

Angalia hapo: ubongoni. Panya wa kawaida aliyekomaa, ukimdunga Zika chini ya ngozi, mahali anapouma mbu, haugui. Jambo hili lilikuja kuwakwamisha watafiti baada ya 2015, Zika ilipoenea Brazil na watoto wakawa wanazaliwa na vichwa vidogo. Dawa na chanjo zingejaribiwa kwa nani?

Siri iko kwenye mbiu. Seli ikivamiwa na virusi hutoa intaferoni, protini ambayo ndiyo mbiu ya hatari, na seli jirani zikiipata hujifungia milango. Lakini mbiu lazima ifikishwe ndani, hadi kwenye jeni, na mmoja wa matarishi wake ni protini iitwayo STAT2. Zika ina protini yake, NS5, ambayo huinasa STAT2 ya binadamu na kuifanya ivunjwevunjwe. Mbiu inalia, tarishi kauawa njiani. STAT2 ya panya imetofautiana kidogo na yetu, na tofauti hiyo inatosha: NS5 haiiwezi. Kinga ya panya inasimama imara.

Kwa hiyo watafiti walitumia panya waliokwisha kuondolewa vipokezi vya intaferoni, yaani masikio ya seli yanayoisikia mbiu. Hao huugua, tena hufa. Wamesaidia sana, ila mimi naona matokeo yao yasomwe kwa uangalifu: chanjo kazi yake ni kuiamsha kinga, na mnyama huyu kinga yake imepunguzwa tangu mwanzo. Njia iliyonivutia zaidi ni ya 2018, pale panya walipowekewa STAT2 ya binadamu huku kinga yao nyingine ikiachwa kama ilivyo. Virusi vilivyokwisha kuzoeshwa kwa panya vikaweza kuwaambukiza hao.

Ujauzito ni swali jingine. Mimba ya panya huchukua wiki tatu tu, na kondo lake la nyuma si sawa na letu. Resusi hubeba mimba miezi mitano na nusu hivi. Basi watafiti wakarudi kwake, na ndipo ilipoonekana kwamba resusi mwenye mimba anaweza kukaa na virusi damuni kwa wiki nyingi, wakati asiye na mimba huvimaliza kwa siku kumi hivi. Hali hiyohiyo imeonekana kwa baadhi ya wanawake wajawazito.