Dunia Haiisogezi Kisumu Karibu na Ndege

Imani hii imezoeleka sana hapa Kisumu: ndege inayoelekea magharibi hufika upesi kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki na kuuleta mji chini yake.

Tuipime hapa hapa kwetu. Karibu na ikweta, uso wa dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Nairobi na Kisumu, kwa njia ya angani, zimeachana kilomita 265 hivi. Ingekuwa kweli, rubani angepaa Nairobi, akatulia hewani, na Kisumu ingemfikia kabla ya dakika 10 kwisha. Kurudi ndiko kungekuwa balaa: ndege isiyofikia kasi hiyo ingezidi kuachwa nyuma na Nairobi! Lakini safari huchukua chini ya saa moja kila upande, iwe kwenda au kurudi.

Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege vilevile, tangu ikiwa bado uwanjani. Rusha sarafu ndani ya matatu inayokimbia kutoka Nakuru. Itakuangukia kiganjani, si kiti cha nyuma.

Kinachobadilisha muda ni upepo. Katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati mwingine zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ndiyo maana London hadi New York ni karibu saa 8, na kurudi karibu saa 7. Upande uliodhaniwa mwepesi ndio mzito. Mzunguko wa dunia una mchango wake hapo, na ni haki kuutaja: huupinda upepo unaozaliwa na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha za dunia.