Kodi utakayookoa, iliyozungushiwa duara

Mteja wangu mmoja alinikunjulia karatasi iliyopigwa hesabu kwa kalamu nyekundu na mtu aliyemwingiza kwenye biashara ya mtandao, ile ya kuingiza wanachama wengine kwa kamisheni. Gari, simu, chumba cha wageni kilichopewa jina la ofisi, hata safari ya mapumziko: vyote "gharama za biashara". Chini kabisa, ndani ya duara, "kodi utakayookoa". Ada ya uanachama ya kila mwezi haikuwemo.

Gharama inayokubalika haipunguzi kodi kwa kiasi chake, inapunguza mapato yanayotozwa kodi. Tuseme umetumia 1,000 na kiwango chako ni asilimia 30. Kodi inashuka kwa 300. Zile 700 ndiyo zimekwenda. Na ili punguzo liguse kodi ya mshahara, hiyo biashara lazima iwe imekula hasara, tena katika nchi inayoruhusu hasara ya biashara itolewe kwenye mapato ya ajira. Si zote zinaruhusu. Ukipata faida, kodi inapanda. Kwa hiyo anayekuuzia punguzo la kodi anakuuzia hasara, ila kaipaka rangi.

Wakali wa mchezo huu wana hila nyingine. Marekani, mwajiriwa hujaza fomu inayomwelekeza mwajiri akate kodi kiasi gani kwenye mshahara. Mwanachama mpya huambiwa aibadilishe leo, mshahara unenepe mwezi huu huu, nyongeza ilipie ada. Anaona biashara inajilipa yenyewe! Mwisho wa mwaka deni linamsubiri palepale, pengine na riba na adhabu juu yake.

Mamlaka ya kodi haina habari na kadi yako ya uanachama. Inauliza kama kweli unatafuta faida. Kwa Wamarekani, shughuli nyingi zikipata faida miaka 3 kati ya 5 huchukuliwa kuwa biashara mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usipofika hapo, watafungua daftari zako, kama unazo, na kutazama kama ulibadili mbinu ulipoona pesa inapotea. Mahakama ya Kodi ya huko imewakatalia wasambazaji wa Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, hasara zao zaidi ya mara moja. Ofisi ya nyumbani nayo, kwa kawaida, ni eneo linalotumika kwa kazi tu, tena mara kwa mara. Chumba cha mteja wangu kilikuwa na kitanda.

Halafu ndiyo nauliza kama ni upatu, yaani mchezo wa kulipana kwa pesa za wanaoingia: kamisheni inatoka mfukoni mwa nani? Mwaka 1975, katika shauri la kampuni ya vipodozi ya Koscot, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliweka kipimo ninachokitumia hadi leo. Ni upatu pale mtu anapolipa ili apate haki ya kuuza, pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo yasiyotegemea bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho. Kwenye mipango hii ya kuuza punguzo la kodi, bidhaa ni ushauri, na mnunuzi karibu kila mara ni mwanachama mwenyewe. Wasio wanachama hawaununui, maana makato yale yale yako wazi kwa yeyote mwenye biashara halali, bila ada.

Nilimwomba mteja wangu jambo moja tu: amwambie mtu wa juu yake amwonyeshe ritani yake, yaani taarifa ya mapato aliyowasilisha kwa mamlaka ya kodi, ya mwaka uliopita. Alijibiwa aje kwenye semina ya Jumamosi, na asije peke yake.