Mvutano wa uso wa maji: tunavyodhani na vipimo vinavyosema

Dhana: Sabuni ikizidi, mvutano wa uso nao unazidi kushuka.

Ukweli: Mvutano wa uso, yaani nguvu inayoufanya uso wa maji ujikaze kama ngozi, unashuka, kisha unagota. Maji safi kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi yana mvutano wa milinyutoni 72.8 kwa mita. Ndio unaofanya sindano iliyolazwa taratibu ielee. Ukitia sodiamu dodesili salfeti, kemikali ya povu iliyomo kwenye shampuu na dawa nyingi za meno, kipimo huteremka hadi karibu 40 na kutulia hapo hata ukiendelea kumimina. Molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, hivyo hujipanga juu, usoni. Uso ukijaa, zinazobaki hujikusanya majini kama vitonge, mikia ndani, vichwa nje. Kwa kemikali hii, vitonge huanza kwenye takriban milimoli 8 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli, na milimoli ni sehemu yake ya elfu). Kwa hiyo usipime myeyusho mmoja ukaridhika. Pima kadhaa, kuanzia ule hafifu kabisa, uchore grafu. Pale mstari unapokunjika ndipo vitonge vinapoanza.

Dhana: Kemikali yoyote ikiingia majini hupunguza mvutano.

Ukweli: Chumvi ya mezani huuongeza, japo kidogo: kama milinyutoni 1.6 kwa kila moli moja katika lita. Hata sukari huongeza.

Dhana: Chombo kikionekana safi, ni safi.

Hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Niliwahi kupata 61 kwenye maji matupu, nikarudia hesabu jioni nzima. Hesabu ilikuwa sawa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa glasi kwa ndani, na mafuta ya vidole yalishatanda juu ya maji. Wanaopima kwa pete ya platinamu, inayovutwa kutoka majini, huiunguza kwenye mwali hadi iwe nyekundu kabla ya kupima. Anza na maji matupu yaliyotoneshwa (yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa maji tena), ukikumbuka joto: chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 30 kitakupa 71.2. Usipoikaribia, osha upya.

Dhana: Bila mashine ya ghali huwezi kupima.

Ukweli: Mwaka 1891 jarida la Nature lilichapisha barua ya Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, mwanamke ambaye hakusoma chuo kikuu. Alifanyia majaribio yake nyumbani, kwa beseni la bati na kifungo kilichoning'inizwa kwenye mizani, akisoma nguvu inayohitajika kukibandua majini. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh ndiye aliyeomba barua hiyo ichapishwe.

Wewe unaweza kuanza na bomba la sindano. Hesabu matone kwenye mililita moja ya maji, kisha ya myeyusho wako, kwa sindano ileile. Tuseme maji yametoa matone 20 na myeyusho 40: mvutano wake ni kama nusu ya ule wa maji. Lakini dondosha polepole, sekunde nyingi kwa kila tone. Molekuli za sabuni zinahitaji muda kufika usoni. Ukiharakisha, matone hudondoka yakiwa makubwa mno, nawe utaandika mvutano ulio juu kuliko wa kweli.